Sifa Niliyoipokea kwa Mikono Miwili

Wifi yangu aliingia nyumbani kwetu na ng'ombe. Sisi ni watu wa maharagi na mihogo, kwenye kilima kisicho mbali na Masisi-kati, na kwao ni watu wa malisho, wa kule juu ambako ukungu hauondoki mpaka jua likaze. Mdogo wangu wa kiume alipomwoa, baba alihangaika sana kutafuta ng'ombe wa mahari. Baadaye baba yake wifi akarudisha ndama jike, kama wanavyofanya kwao, zawadi kwa binti aliyetulia kwa mume. Ndama akakua, akazaa, akaanza kukamuliwa, na mama yangu, aliyekula maharagi maisha yake yote bila kulalamika, akaanza kusema kwamba asipopata kikombe cha maziwa asubuhi kichwa kinamuuma.

Kabla ya ng'ombe huyo kichwa kilikuwa hakimuumi. Alikuwa anakunywa chai, na chai niliipika mimi.

Nalisema mapema ili mtu asipoteze muda kunitetea: nilimwonea wivu wifi yangu, na sehemu kubwa ya wivu huo bado ninao. Nilimwonea wivu kwa sauti yake ndogo inayofanya watu wainame kumsikiliza. Nilimwonea wivu kwa kikwembe, yaani kitenge, kinachomkaa vizuri hata akitoka zizini. Zaidi ya yote nilimwonea wivu kwa mama yangu. Mimi ni kifungua mimba wa nyumba ile. Nilifundisha shule ya msingi mpaka shule yetu ikajaa wakimbizi na madawati yakawa kuni. Nilikuwa na mchumba. Akaenda Walikale kutafuta maisha kwenye machimbo, akayapata, na mke akampata huko huko. Nikabaki nyumbani. Napika, nalima, nampeleka mama hospitali, nagombana na mbuzi za jirani. Na kila jioni mama ananiambia: "Angalia mulamu wako vile anafanya." Mulamu ndilo neno letu la wifi. Nilikuwa nimechoka kumwangalia.

Basi shirika moja la misaada likabandika tangazo kwenye valvu yao, yaani ule ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi. Walitafuta animatrisi mmoja wa lishe, mwanamke au mwanaume wa kuzunguka kwa akina mama wenye watoto waliokonda, kuwafundisha uji wa kujenga mwili na kuwashawishi wawalete kwenye kituo. Kazi ilikuwa Walikale.

Nilisoma tangazo lile mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Nilijiona nimevaa jile ya shirika, kile kizibao chenye mifuko mingi, napita katikati ya soko la Walikale taratibu, bila kumtafuta mtu yeyote kwa macho, na mtu fulani ananiona. Nilimwona vilevile mama akikaa jioni bila mtu wa kumwambia aangalie wifi yake. Kazi ile ilikuwa yangu. Niliitaka mpaka mate yakanijaa.

Nilirudi nyumbani kutafuta karatasi za dosiye, yaani za kuombea kazi. Kosa langu lilikuwa kumwambia mdogo wangu, maana yule hawezi kukaa na neno. Kesho yake wifi alinifuata jikoni, mama yupo anachambua maharagi, akapiga goti kidogo kama anavyofanya kila mara.

"Dada mukubwa," akasema, "na miye naweza kuweka dosiye? Ukikatala, sitaweka."

Alikuwa na diploma kama mimi, kutoka shule ileile, nyuma yangu. Na kwetu mke wa mdogo wako hakupiti mbele bila kuomba njia. Akishaiomba vizuri namna ile, mbele ya mama mkwe, na wewe mkubwa ukaifunga, basi mpaka jioni kilima kizima kitajua una roho ya namna gani. Mama aliacha kuchambua.

"Weka," nikasema. "Nani anakukataza?"

"Mungu atabariki mumoja," mama akasema, "na nyumba yote itakula."

Mumoja. Nilijua anafikiria yupi.

Jumapili mchungaji alituita mbele, sisi wawili, tuombewe. Tulipiga magoti bega kwa bega, akatuwekea mikono vichwani, mkono mmoja kila mtu. Nilifungua jicho. Mkono wa kuume ulikuwa kwake. Nilipata wa kushoto, tena ulikuwa umelegea, kwa sababu mchungaji alikuwa anautumia pia kushika kitambaa cha kufutia jasho. Walioniambia baadaye kwamba Mungu haangalii mikono hawakuwa wamepiga magoti pale.

Majina ya walioitwa kwenye mahojiano yalipobandikwa tulikuwa watatu: wifi, mimi, na kijana mmoja wa Walikale aliyekimbilia kwetu na familia yake. Mimi na wifi tuliondoka asubuhi na pikipiki moja. Wifi akakaa katikati, nyuma ya dereva, nami nyuma kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha. Anayejua barabara ya kwetu anajua matope ya gurudumu la nyuma yanakwenda kwa nani. Tulipofika, yeye alishuka kama ametolewa kabatini. Mgongo wangu ulikuwa ramani. Alitoa kitambaa chake kichwani, akakilowesha kwenye bomba la ofisi, akanifuta kuanzia mabega mpaka visigino, mbele ya kijana wa Walikale na mlinzi wa lango.

"Geuka, dada mukubwa. Hapa tena."

Ilinibidi nimshukuru pia.

Mtihani wa kuandika ulikuwa kwa Kifaransa. Huo sikuuogopa, niliumaliza wa kwanza, nikakunja mikono ili waone nimemaliza. Ndipo wakatuingiza sote watatu kwenye chumba chenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Nyuma ya meza walikuwa wawili. Mmoja alikuwa baba wa Kinshasa, sisi tunasema Papa, mwenye miwani, mkubwa wa wafanyakazi, anayesikia Kiswahili lakini anakiongea kwa kukihesabu. Mwingine alikuwa mama wa Goma, mnene, mchangamfu, ndiye aliyeuliza maswali. Alisema kazi ni ya kuongea na akina mama, kwa hiyo sehemu hii tutaongea Kiswahili, na sote pamoja, ili watuone tunavyofanya kazi na wenzetu.

"Bon," akasema. "Kuko mama moja, mutoto wake amekonda sana. Anataka kumuleta ku kituo, lakini mama mukwe anakatala, anasema ni ulozi. Mutafanya namna gani?"

Nilianza mimi. Mkubwa ndiye anaanza. Nilisema tutakwenda kwa chifu wa kijiji, tutakwenda kwa mchungaji, tutaeleza dalili za utapiamlo moja baada ya nyingine, na nikazieleza pale pale, sauti ya darasani, hata kijana wa Walikale akakaa wima. Niliongea vizuri. Nalisema hata leo, niliongea vizuri.

Wifi alisubiri nimalize. Kwetu mke wa mdogo hampingi mkubwa wa mume wake mbele ya wageni, hata kama mkubwa amesema jua linatoka upande wa Kisangani, linakozama. Nilijua hilo, na nilijua linanisaidia. Nikamwangalia nione atafanya nini.

"Vile dada mukubwa anasema, njo vile," yaani ndivyo hivyo, akasema kwa ile sauti yake, na Papa wa miwani akainama. "Miye ningeongeza tu kidogo. Mbele ya kwenda kwa chifu, ningeenda kusalimia ule mama mukwe. Ningemuuliza yeye alilisha watoto wake na nini, mupaka bakakomaa. Akimaliza kunifundisha, njo ningemuomba tupeleke mutoto pamoja, yeye na miye."

Mama wa Goma akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Ile haikuwa hekima ya vitabuni. Ile ndiyo njia aliyotumia kumpata mama yangu. Alipoolewa tu alikwenda jikoni, akakaa chini, akamuuliza mama namna ya kupika sombe ya kwetu, mboga ya majani ya mihogo, yeye ambaye sombe alikuwa anaijua tangu zamani. Na mama akamfundisha wiki nzima, uso unang'aa. Nilikuwepo. Niliwasha moto.

Kijana wa Walikale alisema jambo fulani kuhusu barabara, na hakuna aliyemsikiliza.

Halafu mama wa Goma akasema tumalize kwa kitu chepesi. Kila mmoja aseme jambo moja zuri la mwenzake aliye kushoto. Kijana alimsifu wifi: mama huyu anajua kusikiliza. Sawa. Ikawa zamu ya wifi, na kushoto kwake nilikuwa mimi.

Lazima nieleze kitu hapa, maana bila hicho mtu wa mbali hataelewa nilichofanya. Kwetu, ukitaka kumsifu mwanamke mbele ya wageni, humwambii ana akili wala ana diploma. Unasema yeye ndiye anayeshika nyumba. Unasema akitoka nyumba itaanguka. Hakuna sifa inayopita hiyo. Wanaisema kwa bibi kizee akifa, watu wanalia. Kwa msichana aliyebakia nyumbani hawaisemi karibu kamwe, kwa sababu nyumba inahesabiwa kuwa ya mama yake, na kesho itakuwa ya mke wa kaka yake. Mimi nilikuwa nimeingoja sifa ile miaka yote, kwa mama, kwa mdogo wangu, kwa yeyote. Hakuna aliyenipa.

Wifi aliweka mikono magotini, akainamisha macho.

"Huyu njo dada ya bwana yangu," akasema. "Yeye njo anashika nyumba yetu. Sisi wote tuko chini ya mikono yake. Akitoka, hata siku moja, nyumba inaanguka."

Sijui nieleze vipi. Yule yule, mwenye ng'ombe, mwenye kikwembe, mwenye mkono wa kuume wa mchungaji, amekiri kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, mbele ya shirika. Nilitamani mama angekuwa mlangoni.

Papa wa miwani aliongea kwa mara ya kwanza. "Ni kweli hivyo, Mama?"

Nilikuwa na njia ya kusema, ah, ananikuza tu, tuko wengi pale nyumbani. Lakini kuikataa sifa ile kulikuwa kuirudisha mikononi mwake, na sikuwa tayari kumrudishia kitu.

"Ni kweli, Papa," nikasema. "Kweli kabisa. Nikienda tu sokoni wanaanza kunitafuta. Mama yangu dawa anaipokea kwangu peke yangu. Shamba, jiko, mbuzi, yote ni miye."

"Hujawahi kukaa mbali na nyumba?"

"Nyumba yetu?" Nilicheka. "Hata wiki moja hawangeweza."

Akaandika. Nikaona anaandika mengi, nikanyoosha mgongo. Mama wa Goma aliniangalia namna fulani, mdomo umefunguka kidogo, kama anataka kunipa nafasi ya kusema tena. Niliitumia nafasi hiyo kuongeza habari za paa, kwamba hata paa nilisimamia mimi lilipoezekwa.

Zamu yangu ya kusifu ilipofika, nilisema kijana wa Walikale ana viatu safi.

Tulirudi na pikipiki ileile. Nikakaa nyuma tena, na matope sikuyasikia. Njia nzima nilikuwa narudia maneno yake kichwani. Nyumbani niliyasimulia kwa mama nikiyapamba kidogo, na mama akasema, "Eh, alisema vizuri," yaani akamsifu yeye kwa kunisifu mimi. Hata hilo halikuniharibia siku.

Simu ililia tukiwa shambani. Ilikuwa ya wifi. Alisikiliza, akasema "Ndiyo, Mama. Aksanti, Mama," akakaa chini katikati ya maharagi. Mama alielewa kabla yetu. Vigelegele vyake vilifika mpaka ng'ambo, jirani wakaanza kupanda kilima kuja kwetu. Mimi niliendelea kupalilia. Nilipalilia mstari ule mpaka mwisho na nikaurudia, na sehemu ya maharagi iliondoka pamoja na magugu.

Niliwapigia mwenyewe. Nilitaka waniambie nimeshindwa wapi. Mama wa Goma alikuwa mwema, alipokea, hata alinikumbuka. Alisema mtihani wangu wa kuandika ulikuwa wa kwanza. Alisema nilieleza dalili vizuri kuliko wote.

"Lakini, mama yangu," akasema, "kazi iko mu Walikale. Muntu anaikala kule miezi. Na weye ulituambia mwenyewe nyumba haiwezi bila weye. Tungekutoa mu nyumba yako namna gani? Papa alisema, itakuwa kukuonea."



Siku ya kumfungia mizigo nilimfuata wifi chumbani. Alikuwa anakunja vikwembe, na jile ya shirika ilikuwa kitandani, mpya, mifuko yote ipo. Niliihesabu kwa macho mifuko ile.

"Ulisema vile juu ya nini?" nikamuuliza. "Ulijua kazi iko mbali."

Aliniangalia. Nilimchunguza uso kama tunavyochunguza maharagi ya kununua, nikitafuta punje iliyooza. Sikuiona, na hilo nalo lilinikasirisha.

"Dada mukubwa, si balisema tuseme kitu kizuri? Sikujua kingine kinapita kile. Na tena njo vile mama anasemaka."

"Mama gani?"

"Mama yetu. Kila siku. Nikichelewa ku kazi ao nikimwaga kitu, ananiambia: angalia dada yako mukubwa vile anashika nyumba. Bila yeye sisi wote tungeanguka." Akakunja kikwembe kingine. "Nimechoka kukuangalia, dada. Nilikuwa na wivu, Mungu anisamehe. Njo maana nilitaka hii kazi. Nilitaka niende fasi yenye mama hawezi kunionyesha weye."

Mtu mwema angemkumbatia. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya zizi, na nikacheka peke yangu mpaka ng'ombe akageuka. Alinionea wivu. Mwenye ng'ombe alinionea wivu mimi. Furaha niliyoipata pale sijaipata kwenye harusi ya mtu yeyote. Kazi ilikuwa imekwenda, jile ilikuwa imekwenda, soko la Walikale lingepitiwa na miguu mingine, lakini nyumba ingeanguka bila mimi, na mama mwenyewe ndiye aliyesema. Nikajiambia huo ndio mshahara wangu.

Wifi akaenda. Tulimkamulia ng'ombe wake. Mama jioni alikosa wa kunionyesha, akaanza kunionyesha picha za wifi kwenye simu: wifi na akina mama wa Walikale chini ya hema, wifi anakoroga uji, wifi na jile. "Angalia," anasema. Naangalia.

Halafu shangazi wa Bihambwe akavunjika mguu wakati wa kuvuna, na hakuna mwingine wa kwenda kumsaidia. Niliondoka na wasiwasi wote. Nilimwandikia mdogo wangu saa za dawa ukutani kwa makaa. Niliacha kuni zimepasuliwa, maharagi yamechambuliwa. Njiani nilikuwa nageuka nyuma kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Bihambwe nilikaa mpaka shangazi akaweza kutembea na fimbo, muda mrefu kuliko nilivyopanga, na kila siku nilingoja simu ya kuniita nirudi haraka. Betri niliichaji kwa jirani ili isizime.

Haikulia.

Nilirudi mchana. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kama kawaida. Paa lipo. Mbuzi za jirani zilikuwa zimefungwa kamba, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliweza. Mdogo wangu alikuwa anatwanga sombe, mwanaume mzima, anaimba. Dawa za mama zilikuwa zimepungua kama inavyotakiwa. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni na kikombe cha mashanza, yale maziwa yaliyogandishwa, ndevu nyeupe mdomoni.

"Eh, umefika," akasema. "Ulikuwa umeenda fasi gani? Nilizania uko ku shamba."

Niliweka mzigo, nikaingia jikoni, nikatafuta kitu cha kurekebisha. Sufuria zilikuwa zimeoshwa.

Hapo ndipo simu yangu ikalia. Alikuwa wifi, kutoka Walikale, sauti ndogo hata ikabidi niweke spika, nyuma yake mvua ya msitu inapiga mabati. Alikuwa amesikia kwamba nilisafiri. Alinisalimia, akaulizia mguu wa shangazi, akaulizia ng'ombe. Kisha akauliza, "Na nyumba, dada mukubwa? Ilibakia namna gani bila weye?"

Mdogo wangu aliacha kutwanga. Mama aligeuza kichwa, kikombe kimesimama hewani. Wote wawili waliniangalia.

"Ilianguka," nikamwambia. "Ilianguka kabisa. Niko naanza kuisimamisha."